Nahau za Kiingereza Zilizozaliwa Baharini: Maswali na Majibu

Nahau ni nini, na kwa nini bahari imechangia nyingi katika Kiingereza?

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yanayoliunda, bali hutokana na mazoea ya wanaolitumia. Uingereza ni nchi ya kisiwa iliyotegemea merikebu za matanga kwa karne kadhaa katika biashara, uvuvi na vita, na kwa hiyo lugha ya kazi ya mabaharia ilishuka nchi kavu pamoja nao, ikaokotwa na watu ambao hawakuwahi kutweka tanga, kisha ikabaki midomoni hata baada ya meli za mvuke kuziondoa merikebu hizo baharini.

"By and large" ina maana gani?

Leo nahau hii humaanisha "kwa jumla" au "kwa sehemu kubwa". Katika ubaharia, neno lake la kwanza lilihusu kwenda joshi, yaani kukiendesha chombo kwa kukaribia kule upepo utokako, ilhali la mwisho lilihusu safari ambayo upepo husukuma kutoka ubavuni au nyuma. Matumizi hayo ya kibaharia yamo katika kitabu cha Samuel Sturmy cha mwaka 1669, na kwa kuwa hali hizo mbili zilikusanya karibu kila namna ya kusafiri kwa tanga, haikuwa vigumu usemi huo kuchukua maana ya kujumlisha mambo.

Kwa nini mlevi husemwa kuwa ni "three sheets to the wind"?

Wanafunzi wengi hudhani kwamba zinazotajwa hapa ni shuka au matanga, kumbe neno hilo katika merikebu ni jina la kamba zinazozuia pembe za chini za tanga, ambazo mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki huziita demani. Kamba hizo zikifunguka, tanga hupigwapigwa ovyo na chombo hupoteza mwelekeo, kikawa kama mlevi anayepepesuka njiani. Nahau hii ni ya mazungumzo ya kawaida, kwa hiyo haifai katika barua ya kiofisi.

"Taken aback" na "the bitter end" nazo je?

Ya kwanza husemwa juu ya mtu aliyeduwaa kwa jambo asilolitarajia, na asili yake ni upepo unaogeuka ghafla ukayapiga matanga kwa upande wa mbele, yakaugandamia mlingoti na kuikwamisha merikebu. Ya pili humaanisha kuendelea hadi mwisho kabisa, hata kwa taabu. Mwaka 1627 John Smith alieleza kwamba jina hilo lilikuwa la ile sehemu ya amari, yaani kamba ya nanga, inayobaki chomboni kwenye nguzo inakofungiwa, ambapo anayeifikia huwa hana tena kamba ya kuongeza. Umbo la jina hilo hufanana na neno la Kiingereza la uchungu, na yaelekea mfanano huo umeipa nahau ladha yake ya machungu.

Je, kila maelezo ya asili ya nahau yaaminiwe?

La. Husimuliwa kwamba "posh", neno lisemwalo juu ya mambo ya kifahari, ni kifupisho kilichopigwa kwenye tiketi za abiria wa India waliolipia vyumba visivyochomwa na jua wakati wa kwenda na wa kurudi, lakini hakuna tiketi ya namna hiyo iliyopatikana. Vilevile "in the doldrums", usemi wa unyonge na kukosa ari, hudhaniwa kutokana na eneo la bahari karibu na Ikweta ambako upepo hufifia, ilhali neno hilo lilikuwa tayari jina la unyonge wa moyo kabla ya kupewa eneo hilo.

Mfasiri wa Kiswahili afanyeje anapokutana na nahau hizi?

Kwanza atambue kazi ya nahau katika sentensi, yaani kama inajumlisha, inakejeli au inaonya, kisha atafute usemi wa Kiswahili wenye kazi hiyo na uzito huohuo. Kiswahili nacho ni lugha ya mabaharia: "mrama" ni kuyumba kwa chombo, na kwa msingi huo mambo yaliyoharibika husemwa kuwa yamekwenda mrama. Hata hivyo, nahau ya bahari haidai nahau ya bahari, kwa sababu msomaji wa leo huhitaji maana iliyokusudiwa na mwandishi, na pale ambapo "kwa jumla" inatosha, kumpandisha msomaji jahazini ni kumpoteza.