Kapi, Timazi na Ukosi: Lugha ya Vifaa vya Kutengemaza Shingo na Mabega katika Ufuo wa Ziwa Viktoria

Utangulizi

Mgonjwa wa bega anapotoka katika chumba cha fiziotherapia mjini Kisumu na kurejea kwake Mbita, Kendu Bay au Usenge, huondoka na vitu viwili: kifaa, au maelekezo ya kujitengenezea kifaa, pamoja na maneno ya kukitumia. Kifaa chaweza kuwa kamba tu iliyopitishwa juu ya boriti. Maneno ndiyo yatakayomwongoza kwa wiki nyingi ambapo mtaalamu hatakuwapo kumtazama. Makala haya yanayachunguza maneno hayo. Yanadai kwamba sehemu kubwa ya istilahi zinazohitajiwa kwa vifaa vya shingo na mabega imo tayari katika Kiswahili, si katika vitabu vya tiba bali katika lugha ya kazi, yaani ubaharia, uashi na uchukuzi. Aidha, yanadai kwamba kukosea kauli ya kitenzi katika maelekezo ya kifaa kwaweza kumdhuru mgonjwa kuliko kukikosa kifaa chenyewe.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, wataalamu wa afya nchini hufunzwa kwa Kiingereza. Anayesimama mbele ya mvuvi aliyeumia bega hulazimika kutafsiri papo hapo, na tafsiri ya papo hapo hushika neno la kwanza lililo karibu.

Mabega yaliyobeba meli

Historia ya Kisumu yenyewe ni historia ya shingo na mabega. Reli ilifika Port Florence, ambayo ndiyo Kisumu ya leo, tarehe 20 Desemba 1901. Kabla ya hapo meli ya SS William Mackinnon ilikuwa imekwisha kuletwa kutoka Uingereza ikiwa vipande vipande. Vipande hivyo vilichukuliwa na wapagazi kutoka mwisho wa reli hadi ziwani, vikaunganishwa, na meli ikashushwa majini mwaka 1900. Msomaji na atafakari jambo hili: meli nzima ilitembea nchi kavu juu ya miili ya watu.

Wapagazi hao walikuwa na msamiati wao. Neno mpagazi lenyewe lahusiana na kitenzi pagaa, yaani kuchukua mzigo begani. Mti wa kuchukulia mizigo begani huitwa mpiko, na mzigo ulioning'inizwa ncha zote mbili za mti huo huchukuliwa mzegazega. Anayetwikwa kichwani huweka kwanza ngata, ambayo wengine huiita kata, yaani kitambaa au majani yaliyoviringwa ili mzigo ukae na utosi usiumie. Ngata ni kifaa cha kuilinda shingo. Hakuna aliyeandikiwa na daktari, wala hakuna aliyejitangaza kuwa mvumbuzi wake. Pengine ndiyo maana haitajwi panapozungumzwa habari za uvumbuzi.

Sayansi ilichelewa kuutazama uchukuzi huu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kuhusu wanawake wa Kijaluo wanaochukua mizigo kichwani na wanawake wa Kikuyu wanaoichukua mgongoni kwa mkanda wa kipajini. Ilibainika kwamba waliweza kuchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanazotumia wakitembea mikono mitupu. Mwaka 1995 utafiti mwingine katika jarida hilo hilo ulieleza sababu: mwili unaotembea hupanda na kushuka mithili ya timazi iliyopinduliwa, na wanawake hawa, wakiwa na mzigo, huhifadhi nguvu za mwendo huo vizuri zaidi kuliko watu wasiozoea.

Matokeo haya yamewafanya baadhi ya watu kusema kwamba kujitwika si taabu kwa aliyezoea. Hilo silo lililothibitishwa. Kilichopimwa ni nguvu inayotumiwa na mwili mzima katika kutembea. Pingili za shingo bado zinabeba ndoo. Wahenga walikwisha kuliona kosa hili la kukadiria waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kapi na kauli za kitenzi

Mazoezi ya viungo kama taaluma yana nasaba ndefu. Pehr Henrik Ling aliasisi chuo chake cha mazoezi mjini Stockholm mwaka 1813, na Gustav Zander akafungua katika mji huo huo, mwaka 1865, taasisi iliyojaa mashine za kuuzoeza mwili. Mashine za Zander zilitegemea nyenzo na uzito uliosogezwa hatua kwa hatua, ili kila kiungo kipewe mzigo unaokifaa. Hapa pia Kiswahili hakikuwa mikono mitupu: wenzo ni mti wa kuinulia au kusogezea kitu kizito, na waliovuta magogo au kushusha mashua majini wamelitumia neno hilo kabla halijaingia katika vitabu vya fizikia.

Mashine za namna hiyo zilikuwa kubwa na za gharama. Kilichobaki katika vyumba vya tiba duniani kote, na ambacho chaweza kufungwa katika nyumba yoyote ya Dunga au Rusinga, ni kapi. Baharia wa pwani hahitaji kuelezwa kapi ni nini. Ndimo inamopita jarari, kamba ya kupandishia tanga. Mgonjwa wa bega huketi chini ya kapi iliyofungwa juu ya kichwa chake, akashika ncha moja ya kamba kwa mkono wa kushoto na nyingine kwa mkono wa kulia. Mkono mmoja ukishuka, wa pili hupanda.

Katika hatua hii sarufi huwa jambo la tiba. Wataalamu wa fiziotherapia hutofautisha mwendo ambao kiungo hufanyiwa, mwendo ambao husaidiwa, mwendo ambao hujifanyia chenyewe, na mwendo unaopingwa kwa uzito au mvuto. Kapi ile ile moja hufaa kwa zaidi ya mwendo mmoja. Mkono mzima ukifanya kazi yote, mkono mgonjwa unainuliwa. Mikono yote miwili ikigawana kazi, mkono mgonjwa unasaidiwa. Ncha ya pili ikifungwa mzigo, na mkono mgonjwa ukauvuta mzigo huo juu, basi unapingwa. Kifaa hakikubadilika, kilichobadilika ni kauli ya kitenzi.

Mtu aliyeshonwa kano za bega kwa upasuaji kwa kawaida hukatazwa kuuinua mkono kwa nguvu zake kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mshono waweza kukatika. Lakini huenda akaruhusiwa, kwa kipimo cha daktari wake, mkono huo uinuliwe ili kiungo kisikakamae. Akiambiwa "inua mkono," ameamrishwa kufanya lile lile alilokatazwa. Akiambiwa "mkono uinuke," mambo hayajatengenea, kwani kauli ya kutendeka haimtaji mwenye nguvu: yamkini ni mkono wenyewe, yamkini ni kamba. Kauli ya kutendwa pekee ndiyo inayosema wazi kwamba nguvu zimetoka kwingine. Mwanafunzi anayelalamika kwamba mnyambuliko wa vitenzi ni somo la mtihani tu na aufikirie mshono huo.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la nomino. Katika Kiswahili mkono waweza kuanzia begani hadi kwenye ncha za vidole, na pia waweza kuwa kiganja tu, kama katika kupeana mikono. Kijaluo, au Dholuo kama wenyewe waiitavyo, hutenga bat, yaani mkono kuanzia begani, na lwedo, yaani kiganja na vidole. Mzungumzaji wa Kijaluo anapoambiwa ainue mkono hana budi kuchagua, na mara nyingi kiganja hupanda kwa kukunjwa kiwiko au kwa kupandishwa bega hadi sikioni, huku kiungo cha bega chenyewe hakikusogea. Maelekezo bora hutaja kiungo kinachotakiwa kusogea na kile kinachotakiwa kutulia. Kiswahili kina majina ya kutosha kwa kazi hiyo: fuzi, kwapa, mtulinga, kombe la bega, kikosi. Maneno haya yamo katika kamusi lakini ni nadra kusikika katika vyumba vya tiba.

Timazi na bega lililoganda

Ernest Amory Codman, daktari mpasuaji wa Boston, alitoa mwaka 1934 kitabu kuhusu bega, na jina la "bega lililoganda" lilienea kutokana na kazi yake. Ni maradhi ambayo kiungo cha bega huuma, kisha hukaza kwa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, kabla ya kulegea tena. Wajapani wameyapa jina la bega la miaka hamsini, wakitazama umri badala ya hali. Tafsiri sisisi ya jina la Codman inaeleweka, ila ina hitilafu moja: katika Kiswahili kilichoganda huyeyushwa kwa moto, na mgonjwa aliyesikia neno hilo huenda akategemea maji ya moto peke yake. Bega lililokaza ni jina lisilo na mapambo, lakini linaelekeza kwenye dawa yake, kwa kuwa kilichokaza hulegezwa taratibu.

Codman pia ndiye anayehusishwa na zoezi ambalo mgonjwa huinama, akaegemea meza kwa mkono mzima, na kuuacha mkono mgonjwa uning'inie na kuyumba wenyewe. Wengi hulitaja kwa neno la mkopo, pendulamu. Mwashi yeyote wa Kisumu angelitambua zoezi hili mara moja lingeitwa zoezi la timazi. Timazi hainyanyuliwi wala haisukumwi. Huachwa ining'inie kwa uzito wake. Sifa hiyo ndiyo kiini cha zoezi, na wagonjwa wengi hukosea hapo hapo, wakauzungusha mkono kwa misuli ya bega badala ya kuuacha uyumbishwe na mwendo wa kiwiliwili. Neno timazi hubeba onyo hilo ndani yake. Neno pendulamu linahitaji sentensi mbili za kuelezea.

Vifaa vingine vitajwe kwa ufupi. Ubao wenye vidato uliopigiliwa ukutani, ambao vidole huupanda kimoja baada ya kingine, unafaa kuitwa ngazi ya vidole. Gurudumu la ukutani lenye mpini ni gurudumu la bega. Utepe wa mpira wa kuvuta, unaouzwa kwa rangi kulingana na ugumu wake, una ndugu yake wa karibu katika blada, ule ukanda wa tyubu ambao waendesha bodaboda hufungia mizigo. Blada yaweza kufanya kazi ile ile, mradi ikaguliwe isiwe na ufa na ifungwe mahali imara.

Ukosi

Kifaa cha shingo kinachojulikana zaidi ni kile kinachovishwa shingoni baada ya ajali. Jina la mazoea ni kola. Kiswahili kina neno ukosi, ambalo ni sehemu ya nyuma ya shingo na pia sehemu ya nguo inayoizunguka shingo. Ni nadra kupata neno linalotaja kiungo na kivazi chake kwa pamoja namna hii. Ukosi wa tiba lingekuwa jina fupi, la wazi, na lenye kuzaa mengine: ukosi laini kwa ule wa sifongo, ukosi mgumu kwa ule wa plastiki.

Hata hivyo ukosi una tatizo la kimaana ambalo si la lugha tu. Anayevishwa hudhani kwamba umevishwa ili shingo isisogee kamwe hadi apone. Kwa majeruhi aliyevunjika pingili hilo ni kweli, naye hufuata amri ya daktari. Kwa shingo iliyoteguka tu, tiba ya siku hizi huelekea kuharakisha mwendo, kwa kuwa misuli iliyokaa ndani ya ukosi muda mrefu hulegea na shingo hukakamaa. Kwa hiyo maelekezo ya ukosi yanahitaji kutaja muda wa kuuvua kwa msisitizo ule ule wa muda wa kuuvaa. Vitenzi vaa na vua vinatofautiana kwa irabu moja. Karatasi iliyochapwa vibaya yaweza kufanya mengine.

Mfano wa maelekezo

Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyo jirani: twika, kwa mzigo wa kichwani, na tweka, kwa tanga linalopandishwa kwa kamba. Vyote viwili humalizikia katika tua. Mkono ulio katika kapi unatwekwa kama tanga. Yafuatayo ni maelekezo ya zoezi la kapi kwa mgonjwa ambaye mtaalamu wake amemruhusu mwendo wa kufanyiwa pekee, yaliyoandikwa kwa kuzingatia hoja zilizotangulia:

Keti chini ya kapi, mgongo ukiwa wima. Shika ncha moja ya kamba kwa mkono mzima na ncha ya pili kwa mkono mgonjwa. Mkono mzima uvute kamba chini. Mkono mgonjwa utwekwe, usijitweke. Kiwiko kitangulie mbele, fuzi lisipande sikioni, shingo itulie. Maumivu yakianza kuzidi, usiendelee juu zaidi. Tua mkono polepole kwa kuilegeza kamba kidogo kidogo, wala usiiachie ghafla.