SOMO LETU: KITABU CHA PICHA NA UMOJA WA WAFANYAKAZI



Tangu enzi za mkoloni, wazee wetu walitoka West Nile, Rwanda na Burundi wakaja kufanya kazi katika mashamba ya Uganda. Leo katika laini zetu tunateka maji kwenye bomba moja, lakini jioni tunasikia watoto wakitukanana kwa kabila. Mtoto hazaliwi na tusi. Amelipata kwetu sisi wazazi. Akikua nalo, siku ya mgomo hatasimama na mwenzake, na mwajiri atacheka.

Tuangalie mfano wa Marekani. Ezra Jack Keats alikuwa mtoto wa Wayahudi maskini waliohamia huko kutoka Poland. Baba yake alifanya kazi katika mkahawa. Mwaka 1947 aliacha jina la ukoo, Katz, kwa sababu Wayahudi walibaguliwa. Mwaka 1962 alitoa kitabu cha picha, The Snowy Day. Ndani yumo mtoto mweusi, Peter, akicheza kwenye theluji, kama ile ya kilele cha Rwenzori. Hakuna hotuba juu ya rangi. Ni mtoto na furaha yake.

Hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka 1965 Nancy Larrick alionyesha kwamba katika vitabu 5,206 vya watoto vilivyochunguzwa, 349 tu vilikuwa na mtu mweusi. Watoto weusi hawakujiona vitabuni, na weupe hawakuwaona wenzao. Kitabu cha Keats kilipata Nishani ya Caldecott mwaka 1963. Mwaka 2020 maktaba ya umma ya New York ilitangaza kwamba ndicho kilichoazimwa kuliko vyote katika historia yake.

Nasi tufanye nini?

1. Picha husomwa hata na mzazi asiyejua herufi. Tukae na mtoto, atusimulie anachokiona.

2. Tusihubiri. Tuulize: Huyu anafanya nini? Anasikia baridi? Wewe ungecheza naye?

3. Tawi linunue vitabu vichache, vizunguke nyumba hadi nyumba, bila kuruka ya kabila lolote.

4. Tuchunge midomo yetu. Kitabu hakiwezi kufuta tusi linalorudiwa kila siku wakati wa chakula.

Maswali ya kujadili tawini: Mtoto wako humwitaje jirani? Alijifunza kwa nani?

Samaki mkunje angali mbichi. Umoja ni nguvu!