SOMO LA AFYA: Je, Kadi ya Sikukuu Inaweza Kuleta Ugonjwa?

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni la afya. Lisome polepole. Kama mko kwenye kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho wa somo kuna maneno magumu, maswali na kazi ya kufanya.

Kadi iliyofichwa ndani ya debe

Shangazi yangu anakaa katika kijiji kimoja cha Mpimbwe, hapa mkoani Katavi. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo chini ya mwembe. Kwa hiyo barua kwake ni kitu kikubwa. Hamwiti mtoto wa shule amsomee. Anavaa miwani yake, anakaa mkekani, anasoma mwenyewe mstari kwa mstari.

Mwezi Aprili mwaka 2020, siku mbili kabla ya Pasaka, aliletewa kadi. Ilitoka kwa binti yake aliyeolewa Tabora. Lakini safari hii shangazi hakuifungua.

Huo ulikuwa wakati wa Korona, ugonjwa ambao sasa tunauita pia Uviko-19. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata ikatangazwa kwamba shule zifungwe. Redio zikasema: nawa mikono, usishikane mikono, usiguseguse uso. Hayo yalikuwa maneno mazuri. Ila mitaani yakaongezwa mengine. Shangazi akasikia kwamba ugonjwa unalala ndani ya karatasi. Jirani mmoja akamwambia aianike kadi juani. Wa pili akasema aifukize kwa moshi. Wa tatu akasema aichovye katika maji ya sabuni.

Shangazi akaona wakiendelea hivyo kadi itaharibika. Akaishika kwa jani la mgomba, akaitia ndani ya debe kuukuu, akalifunika, akaliweka chini ya upenu. "Itakaa humo mpaka ugonjwa upite," akasema.

Kadi ikakaa humo siku 19. Mimi nilipokwenda kumtembelea nikamwomba tuifungue. Ndani kulikuwa na maneno haya: "Mama, simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika. Hospitali wameniambia nitajifungua kwa kupasuliwa. Tafadhali njoo kabla ya tarehe 20 unisaidie watoto."

Tarehe 20 ilikuwa imekwisha pita. Shangazi alipofika Tabora alikuta mjukuu mchanga wa siku tano. Binti yake alikuwa bado na maumivu ya mshono, na watoto wake wawili walikuwa wamewekwa kwa majirani. Mungu saidia, wote walikuwa wazima. Lakini shangazi alilia. Mpaka leo anasema, "Nilijua kusoma, na barua nilikuwa nayo, lakini sikusoma."

Sikiliza upande wa pili

Kadi ile ilipita katika sanduku la posta mjini, ikaletwa kijijini na kijana mwenye pikipiki. Kijana huyo alikuwa anakohoa. Shangazi, kwa ukarimu wetu wa kawaida, alimkaribisha ndani. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo dirisha na mlango vilifungwa. Wakanawa wote katika bakuli moja. Wakala ugali sahani moja, wakanywa maji kwa kikombe kimoja, wakaongea saa nzima.

Baada ya siku nne shangazi na wajukuu waliokuwa nyumbani wakaumwa homa na kikohozi. Hawakupimwa, kwa hiyo siwezi kusema ilikuwa Korona. Lakini jambo moja ni wazi: kikohozi kile hakikutoka ndani ya debe.

Shangazi aliogopa karatasi, akamkaribisha mwenye kikohozi. Hakufanya hivyo kwa ujinga. Aliogopa kwa sababu anawapenda wajukuu zake. Alichokosa ni kujua ugonjwa ule unapita njia gani.

Kila ugonjwa una barabara yake

Mtu wa Mpanda akitaka kwenda Tabora anajua njia ya reli. Akitaka kwenda Karema anashika njia ya ziwani. Hawezi kufika Karema kwa kupanda treni ya Tabora. Magonjwa nayo ni hivyo hivyo. Kila ugonjwa una njia yake ya kumfikia mtu. Ukiijua njia hiyo unaweza kuifunga.

Korona husafiri hasa kwa pumzi. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, akiimba, au hata akiongea, hutoa matone madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Walio karibu naye huyavuta puani. Katika chumba kilichofungwa, matone hayo hubaki hewani kwa muda. Kifua kikuu nacho husafiri kwa hewa.

Kipindupindu husafiri kwa kinyesi kinachofika kinywani. Hupita katika maji machafu, chakula kisichofunikwa na mikono isiyonawiwa. Mwezi Mei 2015 kiliwashika wakimbizi kutoka Burundi waliojazana Kagunga, mkoani Kigoma. Kagunga iko kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile linalogusa mkoa wetu.

Marburg husafiri kwa majimaji ya mwili: damu, matapishi, jasho, kinyesi. Hushika wanaomwuguza mgonjwa au kuosha maiti bila kinga. Ugonjwa huo uliingia mkoa wa Kagera mwaka 2023, ukarudi tena Biharamulo mwaka 2025.

Je, umeona barua katika barabara hizo? Barua kavu na safi si njia kuu ya ugonjwa hata mmoja kati ya hiyo. Lakini kama karatasi au nguo ina damu au matapishi ya mgonjwa, hiyo ni habari nyingine. Usiiguse. Mwite mhudumu wa afya.

Hata watu wa zamani waliogopa barua

Kuogopa barua hakukuanza na shangazi yangu. Kwa miaka mia kadhaa watu wa Ulaya waliogopa barua zilizotoka miji yenye tauni. Walizitoboa kwa visu, wakazifukiza kwa moshi wa kiberiti, au wakazichovya katika siki. Hapa kwetu Afrika Mashariki, kisiwa cha Changuu karibu na Unguja kiliwahi kutumika kuwatenga wasafiri wa meli, ili ugonjwa usiingie mjini.

Kuwatenga wagonjwa kulikuwa na maana. Lakini kufukiza barua kulisaidia nini? Mdudu wa tauni aligunduliwa mwaka 1894. Baadaye ikajulikana kwamba tauni huletwa na viroboto wa panya. Kumbe watu walikuwa wanachoma barua huku panya wanatembea chini ya vitanda vyao! Watu wa Lushoto, mkoani Tanga, wanaijua tauni. Iliwasumbua kuanzia mwaka 1980. Haikuondolewa kwa kufukiza barua. Ilipigwa vita kwa dawa, na kwa kupambana na panya na viroboto.

Tufanye hesabu kidogo

Virusi vya Korona haviwezi kuzaliana juu ya karatasi. Vinahitaji mwili wa kiumbe hai. Nje ya mwili vinakufa kidogo kidogo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walipima jambo hilo katika maabara. Juu ya kadibodi hawakuona tena virusi hai baada ya saa 24. Juu ya plastiki waliviona mpaka saa 72.

Sasa chukua kalamu. Kadi imetiwa posta Dar es Salaam siku ya Jumatatu, saa 4 asubuhi. Umeipokea Mpanda siku ya Ijumaa, saa 4 asubuhi. Hizo ni siku 4.

Siku 4 × saa 24 = saa 96.

Saa 96 − saa 24 = saa 72.

Maana yake, hata kama aliyeandika alikuwa mgonjwa, karatasi yake imepita muda ule kwa saa 72. Safari ya zaidi ya kilometa 1,000 imeshafanya kazi ambayo shangazi alitaka debe liifanye.

Lakini msomaji makini atauliza: "Je, aliyenikabidhi bahasha leo hii? Mikono yake si imeigusa sasa hivi?" Swali zuri. Ndiyo, sehemu ya nje ya bahasha inaweza kuwa imeguswa leo. Hata hivyo hatari yake ni ndogo. Mwezi Aprili 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilikadiria hivi: mtu akigusa kitu chenye virusi vya Korona, kwa kawaida nafasi ya kuambukizwa kwa njia hiyo ni chini ya 1 kati ya 10,000. Na hatari hiyo ndogo nayo inaondolewa kwa maji na sabuni. Huna haja ya kuosha barua. Osha mikono.

Basi hatari iko wapi?

Hatari iko katika mazoea yetu. Yatazame haya:

Kwanza, kulamba. Wengi wetu tunalamba stempu na gundi ya bahasha. Tunalamba kidole ili kufunua kurasa za kitabu au kuhesabu noti. Noti hiyo imetoka sokoni, kwa muuza samaki, kwa kondakta, kwa kila mtu. Ukiilamba unabeba uchafu wa mikono yote hiyo mpaka kinywani. Chovya kidole katika kitambaa chenye maji.

Pili, bakuli moja la kunawia. Wa kwanza ananawa uchafu wake, wa mwisho ananawa uchafu wa wote. Mwageni maji kwa birika au kata, kila mtu anawe maji yanayotiririka, kwa sabuni.

Tatu, mletaji. Siku hizi salamu nyingi huja kwa simu. Lakini kadi za harusi, za michango na za kipaimara bado huletwa kwa mkono. Anayezileta hupita nyumba kumi au ishirini kwa siku. Wakati wa ugonjwa wa pumzi, huyo ndiye wa kuangaliwa, na yeye mwenyewe ajiangalie. Akiwa anakohoa, abaki nyumbani, ampe mwingine kazi hiyo.

Fanya hivi wakati wa mlipuko

1. Pokea kadi au barua yako. Mpokee mgeni nje, barazani au chini ya mti, penye hewa. Kumpa mtu kigoda kivulini si kumdharau.

2. Salimianeni kwa maneno. Salamu zetu ni ndefu za kutosha bila kushikana mikono.

3. Fungua barua siku hiyo hiyo. Soma yote mpaka mwisho. Huenda ina habari ya ugonjwa, ya uzazi au ya msiba.

4. Bahasha usiyoihitaji itupe shimoni au uichome. Usiwape watoto wachezee.

5. Nawa mikono kwa maji na sabuni kwa muda wa sekunde 20 hivi. Ndipo ushike chakula, mtoto au uso wako.

6. Usimwagie barua dawa ya kuulia wadudu, wala maji ya sabuni. Wino utafutika, na dawa nyingine zinadhuru macho na mapafu.

7. Ukiwa mgonjwa na unataka kuandika, andika. Lakini nawa mikono kwanza, na usiifunge bahasha kwa mate.

8. Ukiambiwa habari ya ugonjwa mpya, usiibebe tu kama ulivyoisikia. Nenda zahanati ukaulize. Uliza swali moja: "Ugonjwa huu unapita njia gani?"

Tulikwisha jifunza mambo haya

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Karibu watu milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana. Walipotoka hapo hawakukaa bure. Walichimba vyoo, walifyeka majani karibu na nyumba, walifukia madimbwi. Elimu ile haikuishia kwenye karatasi.

Na sisi tufanye vile vile. Dharura ya dunia ya Korona ilitangazwa kwisha mwezi Mei 2023, ingawa ugonjwa wenyewe bado upo. Mlipuko mwingine, wa ugonjwa huu au wa mwingine, unaweza kuja. Ukija, usitukute tunaogopa karatasi huku bakuli la kunawia ni moja.

Shangazi sasa ana kibuyu chirizi mlangoni, na kipande cha sabuni kimefungwa kwa kamba. Pasaka iliyopita alipata kadi nyingine kutoka Tabora. Mjukuu yule aliyezaliwa mwaka 2020 alikuwa ameandika jina lake mwenyewe, herufi moja kubwa, moja ndogo. Shangazi alimshukuru mletaji pale pale barazani, akavaa miwani, akasoma. Kisha akaenda kunawa.

Maneno magumu

*Virusi*: vijidudu vidogo sana vinavyoleta magonjwa kama Korona. Havionekani kwa macho.

*Maabara*: chumba cha kupimia na kuchunguza vitu.

*Kukadiria*: kufikiria kiasi cha kitu kwa kutumia hesabu.

*Mlipuko*: ugonjwa kuwashika watu wengi kwa muda mfupi.

*Kibuyu chirizi*: chombo cha kunawia kinachoning'inizwa, hutoa maji kidogo kidogo kwa kukanyaga kijiti.

Maswali ya kujadili

1. Shangazi aliogopa kitu gani? Alipaswa kujihadhari na nini?

2. Korona, kipindupindu na Marburg hupita njia gani?

3. Kadi imetumwa Jumanne saa 2 asubuhi, ikafika Alhamisi saa 2 asubuhi. Imesafiri saa ngapi?

4. Katika kijiji chenu barua na kadi hupita mikono ya nani kabla ya kukufikia?

Kazi ya kufanya

Tengeneza kibuyu chirizi nyumbani kwako wiki hii. Kisha mwandikie ndugu yako aliye mbali barua fupi, umweleze somo hili. Funga bahasha kwa maji, siyo kwa mate.