SOMO: KIJIJI CHETU KILITOKA WAPI?

Katika somo hili tutaangalia kitu tunachokiona kila siku, na kwa kuwa tumekizoea hatukitazami, yaani kijiji tunachokaa. Kwanza someni Yoshua sura ya 4. Wana wa Israeli waliagizwa kutoa mawe kumi na mawili katika mto Yordani na kuyasimamisha, ili siku za mbele watoto wao wakiuliza habari zake, wazazi wawe na la kuwajibu. Basi na sisi wa Ngara na Biharamulo tujiulize: mtoto akituambia, "Mbona nyumba zetu zimepangwa mstari kando ya barabara, na kaburi la babu liko peke yake kule mlimani?" tutamjibu nini?

Kanisa letu Anglikana lina asili yake Uingereza, kwa hiyo tuanzie huko. Waingereza nao walikuwa watu wa vijijini kwa miaka mingi, na walianza mapema kuandika habari zao. Mwaka 1086 mfalme William wa Kwanza alifanya nchi yake iandikwe karibu yote: kila mahali pana wakulima wangapi, plau ngapi za kukokotwa na ng'ombe, vinu vingapi vya kusaga. Alitaka kujua nani ana nini na anaweza kutozwa nini, maana serikali huhesabu watu kwa sababu zake. Lakini kwa ajili ya kitabu kile, vijiji vingi vya Uingereza leo vinaweza kusema, "Sisi tulikuwapo miaka zaidi ya 900 iliyopita."

Katika sehemu nyingi za nchi ile, mkulima wa zamani hakukaa peke yake shambani. Nyumba zilikuwa pamoja karibu na kanisa, zimejengwa kwa miti na udongo na kuezekwa kwa majani. Penye ng'ombe, mara nyingi walilala upande mmoja wa nyumba ile ile ya watu, jambo ambalo halitawashangaza wazee wetu. Kijiji kilikuwa na mashamba makubwa mawili au matatu, na kila shamba liligawanywa vipande virefu vyembamba. Familia moja ilikuwa na kipande hapa na kingine kule, ili ardhi nzuri na mbaya wote waionje. Kila mwaka shamba moja lilipumzishwa na mifugo ikalishwa humo. Palikuwa na malisho ya wote, na mahali pa kuokota kuni. Kwa kuwa vipande vilichanganyika, ilibidi wakubaliane siku ya kulima na siku ya kufungulia mifugo.

Msidhani kwamba ulikuwa ujamaa wa kupendeza. Wengi wao walikuwa chini ya bwana mwenye ardhi, walimfanyia kazi siku kadhaa za juma, na hawakuwa na ruhusa ya kuhama wapendavyo. Miaka ya 1348 na 1349 tauni iliua watu wengi mno, labda theluthi moja au hata nusu ya nchi. Baadaye wenye ardhi wengine waliona kwamba kondoo wana faida kuliko watu, kwa sababu ya bei ya sufu. Huko Yorkshire kiko kijiji kiitwacho Wharram Percy. Wakulima wake wa mwisho waliondolewa karibu na mwaka 1500 ili pawe malisho ya kondoo. Kanisa lake lingali limesimama bila paa, na misingi ya nyumba inaonekana chini ya majani. Wataalamu walichimba pale kwa miaka 40, tangu 1950 mpaka 1990, wakiokota vyungu vilivyovunjika ili wajue watu wale walikula nini na walipikaje. Kiswahili kina neno la mahali pa namna hiyo: mahame. Kisha katika karne ya 18 na ya 19 Bunge la Uingereza lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia ua mashamba na malisho ya wote, na maskini wengi wakabaki bila mahali pa kulishia hata ng'ombe mmoja.

Tunajuaje habari za watu wadogo wa vijiji vile? Sehemu kubwa tunazijua kwa njia ya Kanisa. Mwaka 1538 iliamriwa kwamba kila parishi iwe na kitabu, na kila Jumapili kasisi aandike humo ubatizo, ndoa na maziko ya juma lile mbele ya wazee wa kanisa. Kitabu kilitakiwa kuwekwa katika kasha lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja ukae kwa kasisi na wa pili kwa wazee. Tena wako makasisi waliopita agizo hilo. Gilbert White wa kijiji cha Selborne aliandika miaka mingi habari za ndege, mvua, mashamba na majirani, na kitabu chake kilitoka mwaka 1789. Aliandika pia habari za kobe aliyerithi kwa shangazi yake: siku gani alijichimbia chini, siku gani alitoka. Kobe yule aliitwa Timothy, jina la kiume, na baada ya kufa iligunduliwa kwamba alikuwa jike. Wengine watasema kasisi alipoteza muda. Sisi twaona alifanya vema, maana mtu anayemwangalia kobe kwa uangalifu hivyo hatashindwa kuwaangalia majirani zake.

Sasa tuje kwetu. Bugufi na Bushubi hapakuwa na kijiji cha nyumba zilizokusanyika. Kila mtu alikaa katika urugo wake, katikati ya migomba yake, juu ya mlima au ubavuni. Mgomba ulikaa karibu na nyumba kwa sababu uliishi kwa samadi ya ng'ombe na takataka za jikoni. Chini yake yalipandwa maharage. Mbele yake ulikuwa mtama, viazi na mihogo, kisha majani ya malisho, na bondeni maji, ambayo wanawake na watoto waliyapandisha kichwani asubuhi na jioni. Mtu akiulizwa anatoka wapi, alitaja mlima wake. Mlima ndio uliokuwa kijiji. Wazee wake walipatanisha watu, na wafu walizikwa nyumbani, katika migomba. Kwa hiyo migomba ile ilikuwa chakula, mpaka, na hati ya urithi pia.

Biharamulo habari ni nyingine kidogo. Huko pori lilikuwa kubwa na mbung'o walikuwa wengi. Katika miaka ya 1920 na 1930, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wakae pamoja na kufyeka pori linalowazunguka. Basi wazee wa Biharamulo walikwisha kuhamishwa mara moja kabla ya uhuru, na sehemu walizoziacha zikawa za wanyama.

Kisha likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kukaa vijijini ni lazima kwa wote kabla mwaka 1976 haujaisha. Kule Bukoba, ambako nyumba na migomba vilikuwa vimeshikana tangu zamani, wengi walibaki mahali pao na vijiji vikaandikishwa tu. Ngara na Biharamulo watu walihama. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, na sisi tuliokuwa walimu tulijua shida ya kufundisha watoto wanaotoka milima mitano. Shule zilijengwa, na tangu Elimu kwa Wote mwaka 1977 madarasa yalijaa. Hayo ni ya kushukuru. Lakini mgomba hauhamishwi kama kiti. Ukipandwa leo utangoja mwaka na zaidi kabla ya mkungu wa kwanza, na migomba isiyotiwa samadi hudhoofika. Kanisa nalo lilipata hasara yake, maana palipokuwa na kanisa dogo la udongo katikati ya watu, pakabaki pori na makaburi.

Jambo hili halijapita. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi waliyogawiwa watu kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, katika kuhamia vijijini, ni yao kwa haki, hata kama utaratibu wa wakati ule haukufuatwa. Maana yake, aliyepewa kiwanja juu ya migomba ya mwingine ana haki mbele ya sheria, na mjukuu wa mwenye migomba ana makaburi. Wote wawili wanakuja kanisani kwetu na kushiriki meza moja. Mara nyingi ugomvi wao unawashwa na kutojua: mmoja hajui kwamba mwenzake alihamishwa, na mwingine hajui kwamba jirani yake naye alitolewa mlima mwingine na kuacha migomba yake.

Baada ya hapo walikuja wageni. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliani ya ujenzi wa barabara, pakawa kambi kubwa kama mji. Desemba 1996 walirudishwa kwao. Miti waliyokata kwa kuni haikurudi pamoja nao. Biharamulo nayo imepokea wafugaji na wakulima wengi kutoka Mwanza na Shinyanga, na watoto wao wamezaliwa hapa.

Tunaomba kila mtaa uchague watu wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, wanunue daftari na kalamu. Waulize majina ya milima kabla ya 1974, na nani alikaa wapi. Waulize kanisa la kwanza la mahali pale lilisimama wapi, mwalimu wake alikuwa nani, na makaburi yako wapi. Asiyekumbuka mwaka ataje tukio: kabla ya vita vya Kagera vya 1978, au mwaka Dayosisi ya Kagera ilipoanzishwa, yaani 1985. Waandike maneno ya pande zote mbili za kila habari, bila kuamua nani ana haki. Waanze na wazee waliopita miaka 80, tena mwezi huu, kabla ya mvua. Madaftari yaletwe kwa katibu wa parishi, naye atayaweka pamoja na rejista za ubatizo.