Mabamba ya Plastiki Kuukuu Ndani ya Nyumba

Dumu la mafuta ya kula lililopasuka huonekana kuwa takataka tu. Hata hivyo, polithini iliyolitengeneza ingali na manufaa: yaweza kuyeyushwa na kufanywa bamba la rafu, meza au kiambaza cha kugawia vyumba. Bamba hilo halinywi maji wala haliliwi na mchwa. Lakini ubora wake huamuliwa mapema, wakati wa kuchambua taka.

Sababu ni kwamba plastiki si kitu kimoja. Polithini ya madumu huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Sentigredi, na polipropilini kwenye nyuzi 160 hivi. Plastiki ya chupa za maji, iitwayo PET, haiyeyuki mpaka nyuzi 250 hivi. Zikichanganywa, vipande vya PET hubaki vigumu kama changarawe ndani ya bamba, na ufa huanzia hapo. PVC, plastiki ya mabomba, ni hatari zaidi: ikipashwa joto kupita kiasi hutoa hewa ya kloridi ya hidrojeni, inayodhuru mapafu.

Jaribio: Vipande vidogo vya chupa ya maji na vya kifuniko chake vitiwe katika bilauri ya maji na kukorogwa, ili mapovu yatoke. Vya kifuniko huelea, kwa kuwa densiti yake haifikii gramu 1 kwa sentimita moja ya ujazo. Vya chupa huzama. Densiti ya PET ni gramu 1.38 hivi. Plastiki isichomwe kamwe ili kuitambua.

Plastiki iliyochambuliwa huoshwa, hukaushwa na kusagwa, kisha huyeyushwa katika kalibu na kushindiliwa mpaka ipoe. Maji yakibaki hugeuka mvuke na kuacha mianya. Bamba likitolewa lingali moto hupinda.

Fundi naye akumbuke mambo mawili. Kwanza, bamba la polithini la mita 2 hurefuka milimita 2 hadi 4 joto likipanda nyuzi 10. Hivyo matundu ya skurubu yawe mapana kidogo. Pili, plastiki huwaka na kudondosha matone ya moto. Bamba lisilopimwa kwa moto lisiwekwe darini, karibu na jiko, wala kwenye ujia wa kutokea. Kupunguza taka kwa kuhatarisha wakaaji si akiba.

Zoezi: Bamba la polithini lina eneo la mita 1 ya mraba na unene wa milimita 10. Ikiwa densiti yake ni gramu 0.95 kwa sentimita moja ya ujazo, na dumu tupu lina gramu 950, madumu mangapi yatahitajika?