Mwisho wa wiki Mlima Hanang: chakula na mzigo kwa wanaotokea Hirbadaw

Mlima Hanang una urefu wa takriban mita 3,420 na ni volkano iliyolala. Unasimama peke yake juu ya tambarare za mkoa wa Manyara, na kwa wageni wanaofikia kata ya Hirbadaw na vijiji vingine vya wilaya za Hanang na Mbulu ndio mlima wa kupanda mwisho wa wiki. Njia inayotumiwa zaidi ni ya Jorodom, inayoanzia karibu na Katesh, makao makuu ya wilaya. Mwenye miguu mizoefu huweza kupanda na kushuka kwa siku moja ya saa 10 au zaidi. Wengi huona nafuu kulala usiku mmoja mlimani: wanafika Katesh Ijumaa jioni, wanapanda Jumamosi, wanashuka Jumapili.

Mlima ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kibali na mwongoza njia vitafutwe Katesh kabla ya kuanza safari. Barabara ya lami ya kutoka Babati kwenda Singida inapita Katesh, ila wanaotokea vijijini hutumia barabara za udongo, ambazo mvua ikinyesha huchelewesha gari. Kwa hiyo ni busara kutoka Hirbadaw mapema siku ya Ijumaa.

Maji kwanza

Kwenye njia ya kupandia hakuna chanzo cha maji cha kutegemea. Jambo hilo ndilo linaloamua mzigo wote, kwa kuwa lita moja ni kilo moja. Mtu mmoja anahitaji lita 3 za kunywa Jumamosi, lita 1.5 za kupikia usiku na asubuhi, na lita 1.5 za kushukia: jumla lita 6. Maji yagawanywe katika chupa kadhaa, ili moja ikipasuka zibaki nyingine.

Maji yakishapimwa, chakula huchaguliwa kwa kiasi cha maji kinachotumia. Ugali na uji vinafaa sana, maana maji yote yaliyotiwa sufuriani huliwa. Tambi na wali wa kuchuja havifai, kwa sababu humwaga maji yaliyobebwa mgongoni tangu Katesh.

Kimo nacho kina lake. Penye mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100, hivyo maharage na makande huchukua muda mrefu mno kuiva na kumaliza gesi. Vyakula vya aina hiyo viliwe Ijumaa jioni Katesh. Maziwa ya mgando pia, ambayo ni chakula cha kila siku kwa wafugaji wa Kibarbaig, yanywewe kabla ya kupanda. Ni mazito na humwagika.

Chakula cha mtu mmoja

Karibu kila kinachohitajika hupatikana sokoni Katesh. Hanang ni wilaya ya ngano na alizeti, kwa hiyo unga wa chapati na mafuta ya kupikia si vya kubeba kutoka mbali. Mgao ufuatao unatosha kuanzia kifungua kinywa cha Jumamosi mjini hadi kurudi Jumapili:

- karanga za kukaanga, gramu 250
- chapati zilizopikwa Ijumaa, gramu 300
- biskuti ngumu, gramu 200
- tende, gramu 150
- unga wa sembe kwa ugali wa usiku, gramu 150
- dagaa waliokaangwa wakakauka, gramu 80
- unga wa lishe kwa uji wa asubuhi, gramu 80
- sukari, gramu 60
- mafuta ya alizeti, gramu 40
- chumvi na majani ya chai

Jumla haizidi kilo 1.4, na nguvu yake ni kalori 5,000 hivi. Karanga ndizo nguzo ya mgao huu, kwani gramu 100 hutoa kalori zaidi ya 550 bila kupikwa. Chapati na karanga huliwa kidogo kidogo njiani, kila baada ya saa moja au mbili. Anayesubiri njaa imuume ndipo ale huishiwa nguvu katika sehemu ya juu yenye mwinuko mkali.

Mifuko ya plastiki, ile ya rambo, imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019. Unga na sukari vitiwe kwenye makopo mepesi yenye vifuniko au mifuko ya kitambaa.

Vifaa

Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000 za kupanda. Katesh ipo takriban mita 1,700, hivyo ukingo wa mlima una baridi ya nyuzi 8 au zaidi kuliko mjini, na upepo juu yake. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi kali. Kwa mtu wa kilo 70, mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wake, yaani kilo 14:

- maji, kilo 6
- chakula, kilo 1.4
- nguo za akiba: sweta zito, koti la mvua, kofia, soksi, kilo 1.5
- begi la kulalia, kilo 1.3
- nusu ya hema la watu wawili, kilo 1.2
- begi la mgongoni lenyewe, kilo 1.2
- sehemu ya jiko dogo la gesi na sufuria, kilo 0.6
- godoro jembamba la sponji la kukunja, kilo 0.4
- tochi ya kichwani, kisu, dawa na bandeji, kilo 0.4

Mitungi midogo ya gesi ya jiko la safari inunuliwe Arusha. Kuni zisitegemewe, maana wakati wa kiangazi moto mdogo huweza kuteketeza nyasi na vichaka vya hifadhi. Koti zuri la mtumba hufanya kazi sawa na jipya la bei kubwa. Asiyemudu kilo 14 aajiri mpagazi kupitia mwongoza njia, wala asipunguze maji.

Majira na usalama

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Mvua nyingi hunyesha kati ya Novemba na Mei, na udongo wa mlima huu hulegea ukilowa. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe yaliyotoka mlimani yalifika Katesh na vijiji jirani na kuua zaidi ya watu 80. Mvua kubwa ikinyesha, safari iahirishwe, na neno la mwongoza njia kuhusu hali ya mteremko lifuatwe bila ubishi.

Kushuka huteleza hata wakati wa kiangazi. Viatu viwe na soli yenye meno, na fimbo imara husaidia magoti. Makopo, maganda na mitungi mitupu hurudishwa Katesh. Lita moja ya maji ibaki haijaguswa hadi mji uonekane karibu, kwa ajili ya atakayeumia au kuchelewa njiani.