Datsun yangu nifunge kabureta?

*Mtaalamu, nina Datsun 280Z ya 1977. Nikifika Kisarawe kutoka Kibaha na kuizima ikiwa ya moto, haiwaki mpaka ipoe. Fundi anataka tung'oe nozeli, tufunge kabureta. Nikubali?*
— Msomaji, Kibaha

Pole, ndugu msomaji. Kwa sasa, mwambie fundi asubiri. Ugonjwa huo gari hizi zinao tangu zamani: nozeli zimekaa juu ya ekzosi, hivyo ukizima injini petroli iliyomo hugeuka mvuke. Anza na soketi ya sensa ya joto la maji; ikishika kutu, kompyuta hukosea kipimo cha mafuta. Kagua mipira ya hewa iliyopasuka, kisha pima presha ya petroli.

Kabureta yenyewe haina ubaya. Datsun 240Z zilizoshinda Safari Rally 1971 na 1973 zilitumia kabureta, na manifoldi ya 240Z hukaa kwenye injini yako. Hatari iko kwenye pampu. Ya sasa husukuma takriban bar 2.5, kabureta inataka kama 0.25 tu. Ukiiacha, petroli itafurika juu ya ekzosi ya moto. Kwa hiyo mkibadili, pampu nayo ibadilishwe, na vifaa vya zamani usiuze.

Ukisikia harufu ya petroli, usiwashe gari. Mwite fundi hapo hapo lilipo.